Usiiwashe Hiyo Subaru

*Kwako mshauri wa magari,*

*Nina Subaru Forester ya 2005, ya tabo, otomatiki. Naishi Uthiru na kazi yangu iko katikati ya mji, karibu na Moi Avenue, kwa hiyo Waiyaki Way naijua shimo kwa shimo. Mwezi uliopita tulienda Naivasha na marafiki. Tukirudi, kupanda Mai Mahiu, wote waliniacha. Mmoja akaniambia injini yangu inabeba mzigo wa bure, niweke puli nyepesi. Nikaenda Grogan nikapata seti ya alumini, rangi ya samawati, haina boksi wala karatasi. Ile kubwa ya krankishafti ni ndogo kidogo kuliko iliyokuja na gari.*

*Tulizifunga nyumbani kwenye maegesho ya ploti, mimi na jirani mwenye Fielder. Bolti ya katikati ilikataa kabisa. Tukaegemeza spana kwenye fremu, tukapiga starta mara moja, ikaachia. Wakati wa kurudisha tulikaza kwa nguvu za mkono mpaka tukaona inatosha.*

*Sasa jioni kwenye jamu nikiwasha taa, waipa na AC, taa ya betri inamulika. Usukani ni mzito nikipaki. Asubuhi mkanda unalia. Na tangu juzi kuna ta-ta-ta mbele ya injini, na puli naiona kama inayumba.*

*Kinachoninyima usingizi ni kwamba pesa nilizotumia tulikuwa tumeziweka mimi na mke wangu za kubadilisha mkanda wa taimingi. Gari lina kilomita 128,000 na hatujui kama uliwahi kubadilishwa. Mke wangu hajui kitu. Jumanne na Alhamisi yeye ndiye humpeleka mtoto shule Lavington kwa gari hilo. Je, nimwite fundi akaze tu bolti mambo yaishe? Jirani naye anauliza kama puli kama hizi zitafaa Fielder yake. Na kuna rafiki mwenye Mercedes Kompressor anayeapa kwamba puli ilimwongezea nguvu. Ananidanganya?*

*Aliyeachwa Mlimani, Uthiru*

Ndugu yangu,

Usiiwashe tena. Usiiwashe hata kwa ule mwendo mfupi wa kuifikisha kwa fundi Kangemi, wala kwa dakika moja ya kusikiliza kama ile ta-ta-ta bado ipo. Fundi aje hapo ploti, au gari lipelekwe likiwa limebebwa mgongoni, magurudumu yote manne yakiwa hewani. Forester yako inasukuma kwa magurudumu yote na ni otomatiki. Akija mtu na lori la kuinua pua tu na kuburura nyuma, utaongeza gharama ya gia juu ya ile ya injini. Mwambie kabla hajatoka kwake.

Mambo matatu kati ya manne uliyoyataja ni usumbufu tu. La nne, hilo la puli kuyumba, linaweza kukumalizia injini, na sababu ni hii. Bolti ile uliyoikaza kwa mkono haishiki puli peke yake. Nyuma ya puli kuna gia ndogo inayozungusha mkanda wa taimingi, nayo pia inabanwa na bolti hiyohiyo. Kuna kipande kidogo cha chuma kinachokaa kwenye mfereji wa krankishafti, na watu wengi hudhani ndicho kinachobeba kazi. Kazi yake hasa ni kuonyesha mahali pa kukaa. Kinachobeba nguvu ni mbano wa bolti. Mbano ukipungua, puli inaanza kucheza, kidogo sana mwanzoni, na kila injini inaposhtuka inakula kile kipande, halafu inakula mfereji wenyewe, halafu ile gia ya nyuma inaanza kusogea. Hapo ndipo ta-ta-ta hutoka.

Kwenye injini kama yako, EJ20 yenye tabo, pistoni na valvu hupita sehemu moja kwa zamu. Mkanda wa taimingi ndio unaozipangia zamu. Ukiruka meno, au ukakatika kwa sababu ni mzee na hakuna anayejua umri wake, valvu zinakutana na pistoni, na mazungumzo yetu yanahama kutoka bei ya mkanda hadi bei ya injini nzima iliyoshushwa Mombasa kutoka Japani.

Kwa hiyo hapana, usimwite fundi akaze tu bolti. Kukaza juu ya chuma kilichokwisha kuliwa ni kuficha ugonjwa. Puli itoke, kila kitu kiangaliwe.

Sasa nyumbani. Nimesoma barua yako zaidi ya mara moja na naona swali la bolti limeandikwa kwa urefu, la shemeji limebanwa kwenye mistari michache kana kwamba lenyewe litajikaza. Mwambie leo, kabla ya Jumanne. Usianze na hadithi ya AC kuwa na tatizo dogo, wala usimwachie gari huku ukiomba Mungu jamu ya James Gichuru iwe nyepesi. Mwambie kwa mpangilio huu: gari halitoki, kwa sababu mimi na jirani tulifungua bolti ya mbele na hatukuikaza sawasawa, pesa za mkanda nilizitumia kwa puli, mtoto ataenda shule kwa njia nyingine wiki hii na mimi ndiye nitakayeigharamia. Atakasirika, na ana haki. Lakini hasira ya mtu aliyeambiwa ukweli akiwa jikoni ni nafuu kuliko ya mtu aliyezimikiwa na gari katikati ya Waiyaki Way, mtoto kiti cha nyuma na matatu zikipiga honi.

Una jambo moja zuri la kumwambia katika mazungumzo hayo, na ni la kweli. Mkanda wa taimingi hauwezi kubadilishwa bila kuitoa puli hiyohiyo. Kazi ya kukagua uharibifu wako na kazi mliyokuwa mmeiwekea akiba ni kufungua kumoja. Fundi akishafika hapo, abadilishe mkanda, magurudumu madogo yanayouongoza, kile kikaza mkanda, sili ya oili ya mbele, na pampu ya maji, kwa sababu kwenye Subaru yako pampu inazungushwa na mkanda wa taimingi na imejificha palepale. Gharama ya vipuri itapanda, lakini ya mkono wa fundi italipwa mara moja.

Simama naye wakati anafungua. Puli ikitoka, omba kuona pua ya krankishafti, ule mfereji, kile kipande cha chuma, na uso wa nyuma wa puli. Ikiwa kingo za mfereji bado ni kali na kipande hakijapinda, umepona: rudisha puli ya asili na bolti mpya. Ikiwa kipande na ile gia ya nyuma ndivyo vilivyoliwa, bado si msiba, vyote hununuliwa. Ikiwa mfereji wenyewe umepanuka, hapo ndipo utakaposikia mtu akisema, "Hii tunapiga welding, inarudi mpya." Mimi siamini kulehemu pua ya krankishafti ikiwa bado ndani ya gari na kuisawazisha kwa tupa. Nimeona kazi za namna hiyo zikidumu mpaka mteja avuke mzunguko wa barabara. Fundi mitambo mwenye mashine ya kuchonga anaweza kusaidia, lakini krankishafti lazima itoke. Linganisha gharama hiyo na injini ya mitumba kabla hujakubali lolote.

Na bolti ikazwe kwa spana ya kipimo. Siwadharau mafundi wa jua kali. Grogan kuna mikono inayojua injini kwa kusikiliza tu. (Jina rasmi ni Kirinyaga Road kwa miaka mingi sasa, lakini mtu akikuambia anaenda Kirinyaga Road kutafuta spea, huyo ni mgeni.) Ila bolti hii haitaki kipaji. Vitabu vya Subaru vinatoa vipimo tofauti kwa miaka tofauti ya injini za familia hiyohiyo ya EJ, kwa hiyo anayekutajia namba kutoka kichwani bila kuuliza mwaka wa injini yako, mwombe akuonyeshe alikoisoma. Kuhusu ule ujanja wa starta: hufungua, ni kweli, na wengi huutumia. Pia umewahi kurusha spana na kuvunja mikono. Na hauwezi kukusaidia kukaza, ndiyo maana watu wanaofungua kwa starta huishia kukaza kwa kukisia. Kuna kifaa cha kushikilia puli isizunguke. Gereji inayofanya Subaru kila wiki inacho. Isiyo nacho, tafuta nyingine.

Hayo yakiisha, tuongee kuhusu kilichokupeleka Grogan.

Puli nyepesi si uongo mtupu. Uzito unaozunguka huchukua nguvu injini inapoongeza mwendo, na ukiupunguza, injini inaamka haraka kidogo. Swali ni kidogo kiasi gani. Puli ya asili ya injini yako ina uzito wa kilo mbili na kitu, ya alumini haifiki kilo moja. Nimepiga hesabu ya makadirio kwa uwiano wa gia za ile otomatiki ya gia nne na ukubwa wa matairi yako. Katika gia ya kwanza, faida ni kama kupunguza kilo saba au nane kwenye gari. Gia ya pili, kilo mbili na ushee. Ya tatu, kama kilo moja. Yaani ukiongeza mwendo katika gia ya pili, seti yako ya samawati imekufanyia kazi sawa na kuacha pakiti moja ya unga wa ugali nyumbani, katika gari linalokaribia tani moja na nusu kabla hujaingia.

Na hiyo ni wakati unaongeza mwendo. Ukiwa unapanda Mai Mahiu kwa mwendo uleule, mguu umekanyaga na mshale hausogei, uzito wa puli haukuongezei wala kukupunguzia kitu. Walikuacha mahali ambapo puli nyepesi haina la kusema.

Upunguaji wa kipenyo ndio unaofanya kazi tofauti. Puli ya krankishafti ikiwa ndogo, altaneta, pampu ya usukani na kompresa ya AC vinazunguka polepole zaidi, na injini inaokoa nguvu kidogo za kuvizungusha, hasa ikiwa kwenye mizunguko ya juu. Gari la mashindano, ambalo halikai chini ya mizunguko elfu nne na halina AC, linaweza kufurahia hilo. Wewe unaishi kinyume chake. Kuanzia Westlands hadi Kangemi jioni ya mvua, injini yako iko kwenye saileni, mizunguko mia saba na kitu, na hapo altaneta iliyopunguzwa mwendo haifikishi umeme wa taa, waipa, feni na AC kwa pamoja. Betri inaziba pengo, na taa yake inakuambia hivyo. Usukani mzito ni hadithi hiyohiyo kwenye pampu ya pili. Mkanda unalia kwa sababu mmeuweka wa urefu wa zamani juu ya puli ndogo. Ukirudisha puli za asili na mikanda ya urefu wake, hayo matatu yataondoka pamoja. Hakikisha kwa multimita ya bei rahisi kutoka Luthuli Avenue: injini ikiwa saileni na kila kitu kimewashwa, betri isome zaidi ya volti 13. Ikisoma chini, altaneta yako ilikuwa inaumwa hata kabla ya Grogan.

Basi nguvu zako zilienda wapi? Zingine hazikuwahi kuwa hapa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Juu ya Mai Mahiu kuelekea Limuru umepita mita 2,200. Injini isiyo na tabo inakubali hasara hiyo bila kubisha. Yako ina tabo, inayoweza kurudisha sehemu kubwa ya hewa iliyokosekana, mradi tu hewa hiyo haivuji. Kwenye Forester ya umri kama wa gari lako, mipira inayobeba hewa kutoka kwenye tabo hupasuka upande wa chini usioonekana, na klipu zake hulegea. Gari linaendelea kutembea vizuri mjini. Likiombwa nguvu mlimani, linapumua pembeni. Kama ningekuwa na shilingi elfu chache na gari lako, hapo ndipo ningeanzia: mipira yote ya hewa ipimwe kwa moshi au shinikizo, plagi zitolewe zitazamwe, chujio la hewa libadilishwe (vumbi la barabara za pembeni Kinoo na Uthiru ni la kutisha), na mashine ya kusoma makosa iunganishwe.

Kisha petroli. Injini hii ya soko la Japani ilipangwa kwa petroli yao ya daraja la juu, ambayo okteni yake ni kati ya 98 na 100. Super ya kawaida ya kituoni kwetu iko chini ya hapo. Kompyuta ya gari ikisikia injini inagonga, inachelewesha moto wa plagi ili kuilinda, nawe unahisi uzembe. Jaribu tangi kadhaa za ile petroli ya bei ya juu kabla ya kununua kipuri chochote. Usipoona tofauti mlimani, rudi kwenye ile mipira.

Naelewa kilichokuuma. Nchi hii ilifundishwa kupenda Subaru na watu waliokuwa wakizipeleka mbio kwenye matope: Patrick Njiru alimaliza Safari Rally ya 1994 akiwa wa nne na Impreza, Colin McRae akaishinda ya 1997, Richard Burns ya 2000. Mtu anayenunua Forester ya tabo Nairobi hanunui tu nafasi ya kubebea mboga. Lakini magari yale yalikuwa yakifunguliwa na kukazwa upya na timu nzima njiani, kila bolti kwa kipimo chake. Anayetaka mapenzi hayo bila timu anahitaji angalau mkanda wa taimingi mpya.

Jirani yako wa Fielder: mkataze, na umkataze kwa nguvu. Kwenye injini yake ya 1NZ pampu ya maji haizungushwi na mnyororo wa taimingi, inazungushwa na mkanda wa nje, uleule wa altaneta. Akiweka puli ndogo, anapunguza mwendo wa maji ya kupooza injini wakati gari limesimama kwenye jamu, yaani wakati yanapohitajika zaidi. Maji ya kawaida Nairobi huchemka yakiwa na joto la karibu nyuzi 94. Kifuniko cha rejeta huzipandisha nyuzi hizo kwa kushikilia shinikizo, kama kifuniko ni kizima na kama ndani kuna kulanti badala ya maji ya bomba. Fielder nyingi za mji huu hazina uhakika wa hayo mawili. Na mtu yeyote mwenye Mark II ya silinda sita za mstari mmoja akija kuuliza, mwambie vilevile hapana, kwa sababu nyingine: puli yake ina mpira katikati unaotuliza msokoto wa krankishafti ndefu. Ukiweka kipande cha alumini kisicho na mpira huo, msokoto huo utatafuta kwa kutokea, na mara nyingi hutokea kwenye pampu ya oili au kwenye krankishafti yenyewe.

Rafiki yako wa Kompressor hakudanganyi. Gari lake halina tabo. Lina kompresa inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye injini, na ukiweka puli ndogo kwenye kompresa, inazunguka haraka zaidi na kusukuma hewa nyingi zaidi ndani. Hapo puli kweli ni nguvu, na ndiyo maana wenye Mercedes za Kompressor na zile Mini Cooper S za kwanza za BMW huzungumzia puli kana kwamba ni dawa. Nguvu hiyo inakuja na joto zaidi, inataka petroli bora, plagi zinazofaa na mtu wa kupanga upya kompyuta. Muulize kama alifanya hayo yote au aliishia kwenye puli. Jibu lake halitabadilisha lolote kwenye gari lako, maana tabo yako inazungushwa na moshi wa ekzosi, na hakuna mkanda unaoifikia.